Uso Ulioanguka kutoka Darini

Watu wa Landani hawatazami juu. Wanatazama simu, wanatazama ubao wa treni, wanatazama mbele wasije wakagongana, basi. Mimi nimekula jasho langu kwa vitu vilivyo juu ya vichwa vyao, na wengi wao hawajui hata kama vipo. Kwa hiyo ninyi vijana mlioniomba nieleze kazi yangu, nami nawaomba jambo moja kabla hatujafika mbali. Mkiingia jengo la zamani katika mji huu, liwe la bwana mkubwa au la kuonyeshea sinema, tafuteni mahali pasipo na msongamano, mlale chali sakafuni, mtazame dari. Mlinzi akija kuwauliza, mwambieni mnaumwa mgongo. Kwangu mimi ilikuwa kweli.

Jina langu Rehema, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Wembley, fundi wa lipu mstaafu. Lipu ninayosema si ya kusawazisha ukuta peke yake, ingawa hiyo nayo nimeipiga mpaka bega likalegea. Kazi yangu hasa ilikuwa mapambo ya dari: maua, majani, vichwa vya simba, watoto wenye mabawa, yale madude meupe mnayoyaona kwenye picha za majumba ya matajiri mkadhani yamechongwa kwenye mawe. Ni chokaa na jasi. Ndani yake kuna vijiti, kitambaa cha gunia na nywele za mbuzi. Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba majumba ya Landani yameshikwa na nywele za mbuzi, wananijibu kwa Kiingereza kwamba Bibi anatania.

Dari inatoa siri za mwenye nyumba. Ukutani tajiri wa zamani alitundika picha za babu zake, hata kama mababu wenyewe walikuwa wa kubahatisha. Juu darini ndiko alikoonyesha jinsi anavyotaka dunia imfikirie. Nimefanya kazi chini ya dari za watu waliotajirika kwa sukari ya visiwa vya Karibi, sukari iliyolimwa na watumwa, na juu ya meza yao ya chakula wameweka miungu ya Kirumi na vikapu vya matunda, kana kwamba mali ile ilidondoka yenyewe kutoka mbinguni. Nimefanya kazi pia kwenye majumba ya sinema ya zamani upande wa kaskazini, yaliyopambwa kama makasri ya Waarabu ili kibarua wa kiwandani naye akae jioni moja kama sultani. Mengine siku hizi ni makanisa ya ndugu zetu, wanashangilia humo Jumapili chini ya nyota za plasta. Na nimeishi miaka mingi kwenye fleti ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, iliyojengwa baada ya vita kuu, ambayo dari yake haina hata ua moja. Walioijenga walisema mabwana wamepambiwa vya kutosha, sasa kila mtu apate bafu lake na dirisha la kuingiza jua. Siwezi kuwalaumu. Mchana nilitengeneza dari za watu waliokufa zamani, jioni nikaoga maji ya moto chini ya dari tupu, na vyote viwili navishukuru.

Mtaniuliza mwanamke wa Tanga aliingiaje kwenye kazi hiyo. Siasa ndiyo iliyoniingiza. Nilikuja huku kumfuata mume wangu, nikaanza kwa kufagia ofisi alfajiri kama wengi wetu. Enzi hizo baadhi ya kaunsili za hapa zilikuwa za mrengo wa kushoto, na moja ikafungua karakana ya kuwafundisha wanawake kazi za ujenzi. Magazeti yalicheka sana. Mume wangu, Mungu amrehemu, naye alicheka, akaacha kucheka siku nilipoziba nyufa za chumba chetu cha kulala kwa mkono wangu. Nilitaka useremala, lakini darasa lilikuwa limejaa, wakanisukumia kwenye lipu. Upepo wa siasa ulipogeuka karakana ikafungwa, ila mimi nilikuwa nimeshavuka. Wale kina mama wa Kiingereza waliovaa ovaroli na kunionyesha namna ya kushika mwiko bila kuumiza kifundo cha mkono, popote walipo, Mungu awape maisha marefu.

Kutoka pale niliajiriwa na Mzee Harbans. Alikuwa Singasinga wa Nakuru, mtoto wa fundi wa reli, aliyehamia Landani wakati Wahindi wengi walipokuwa wanaondoka Kenya. Siku ya kwanza alinisemesha Kiingereza nami nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Tukaendelea hivyo mpaka akajigonga kidole gumba kwa nyundo, akatoa tusi la Kiswahili ambalo sikuwa nimelisikia tangu soko la Ngamiani. Nikamwambia pole mzee, ila matusi kama hayo hata kwetu wanatukana wapagazi tu. Alinitazama, kidole kikiwa mdomoni, kisha akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Tangu hapo Kiswahili kikawa lugha yetu ya jukwaani, kule juu kwenye mbao tulizosimamia kufikia dari. Tulikitumia kuulizana vipimo, kutaniana, na zaidi ya yote kuwasengenya wenye nyumba bila wao kujua.

Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. "Plasta iko kama mama mkwe," aliniambia. "Wewe hapana sukuma yeye." Maana yake ni hii, na ninyi mtakaoshika mwiko muikumbuke: unanyunyiza unga wa jasi kwenye maji, humwagi maji kwenye unga. Unauacha uzame wenyewe mpaka vitokeze visiwa vidogo juu ya maji, ndipo unatia mkono na kukoroga polepole kutoka chini, bila kuingiza hewa. Ukikoroga kwa pupa, plasta inakugandia ndooni kabla hujapanda ngazi. Zimenigandia ndoo nyingi. Na msithubutu kuoshea ndoo hiyo kwenye sinki. Mimi niliwahi kuosha kwenye sinki la jikoni la bwana mmoja wa ukoo mkubwa, na kesho yake bomba lilikuwa gumu kama mfupa. Ilibidi likatwe kwa msumeno. Bwana mwenyewe alishuka na ndara zake kuja kutazama, akasema kwa upole kwamba ndiyo mara ya kwanza kwake kuona kipande cha bomba kilichojaa namna ile. Mzee Harbans alikiomba kipande kile akanipa zawadi ya Krismasi, yeye Singasinga na mimi Mwislamu.

Jambo ambalo hakulifanyia mzaha ni chokaa. Miaka ya baada ya vita watu walipenda simenti, kwa sababu ilikuwa ya kisasa na ilikauka upesi, wakaipaka juu ya kuta na dari za zamani zilizojengwa kwa chokaa. Chokaa inapumua. Maji yakiingia, yatatoka. Simenti inayafungia ndani, ukuta unaoza taratibu huku usoni unaonekana mzima, halafu siku moja unabomoka wote. Nusu ya maisha yangu ya kazi niliitumia kubandua simenti ya watu waliokuwa na haraka. Siku hizi kila mtaalamu anahubiri chokaa, na vijana wana mashine za kupiga picha dari na kuchapisha ua zima bila kuchafua vidole. Sina ugomvi nazo, zingenipunguzia maumivu ya bega. Ila mashine inanakili kilichopo tu. Kisichokuwepo, Mzee Harbans alikuwa na sheria nacho: usibuni. Kama huna ushahidi wa pua, mtu abaki bila pua.

Sheria hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye habari ya uso.

Kulikuwa na jumba magharibi ya mji ambalo sitalitaja. Lilijengwa na mfanyabiashara wa sukari, likapita mikono mingi, na wakati wetu lilikuwa chini ya bodi iliyolifungua kwa wageni na kulikodisha kwa harusi. Dari ya chumba cha kulia ilikuwa kazi ya mafundi wa Kitaliano, wale waliokuwa wakizunguka Uingereza wakipamba nyumba za matajiri. Katika kila pembe kulikuwa na kichwa cha mwanamke, na kila mwanamke alikuwa bara. Ulaya amevaa taji, Asia ana ngamia ubavuni, Amerika ana manyoya. Afrika amevikwa kichwa cha tembo mithili ya kofia, mkonga umesimama juu ya paji la uso. Bara la tano hawakuwa na habari nalo.

Bomba lilipasuka ghorofa ya juu, maji yakatuama juu ya dari Jumamosi na Jumapili, na pembe ya Afrika ikaanguka yote. Dari ikianguka, wanangu, msifagie. Kila kipande mahali kilipoangukia ndipo panapokuambia kilikuwa wapi kule juu. Lakini lile jumba lilikuwa na harusi iliyokaribia. Kabla sisi hatujaitwa, kampuni ya usafi iliamriwa izoe kila kitu, na tulipofika tulikuta sakafu inang'aa. Yalikuwa yamebaki magunia machache nyuma ya jengo ambayo lori lilikuwa halijayachukua. Tuliyapiga picha, tukachambua kifusi kwa vidole, tukapata mkonga, sikio moja na majani. Uso hatukuuona.

Bodi nayo ilikuwa imegawanyika. Wakati ule nchi ilikuwa imeanza kuulizana hadharani juu ya sukari na watumwa. Baadhi ya wajumbe walitaka tuchonge uso mpya. Wengine walitaka pembe iachwe tupu, na kati yao alikuwepo dada mmoja mweusi, mzaliwa wa hapa hapa, mwalimu wa historia. Alisema mwanamke wa Kiafrika hakupaswa kufanywa pambo la chumba alichokulia chakula mtu aliyewauza watu wake, na kama ameanguka basi apumzike. Mzee Harbans alisema uso mpya hatengenezi, kwa sababu hapakuwa na hata picha moja iliyopigwa kwa karibu, na yeye habuni. Mambo yakawa yanaelekea kwenye pembe tupu.

Sisi tukaendelea kurudisha majani, na ndimi zetu hazikupumzika. Mzee alikuwa amekasirika hasa. Kila siku, juu ya jukwaa, kwa Kiswahili na kwa sauti, alimchambua huyo aliyetupa uso. Mjinga gani huyo. Hana macho. Mtu namna hiyo alale jela. Mimi nikicheka na kuongeza chumvi, maana nani angetusikia? Chini walipita wafanyakazi wa Kiingereza, na mama mmoja mfupi wa usafi mwenye kitambaa kichwani, aliyepiga deki kimya na kutukwepa kila tulipotaka kumsalimu. Nilidhani ni mtu wa Afrika Magharibi.

Mchana mmoja tulikuwa tumekaa chini ya jukwaa tunakunywa chai ya chupa. Yule mama aliegemeza mti wa deki ukutani, akaja akasimama mbele yetu, mikono ameificha kwenye aproni.

"Jambo, mama. Jambo, muzee," akasema. "Miye ndiye ule mujinga munasemaka."

Chai ilinipalia. Mzee Harbans alivua miwani akaanza kuifuta, jambo alilolifanya kila alipokosa la kufanya.

Aliitwa Mama Furaha, mtu wa Uvira, Kongo. Alitueleza kwamba siku ile aliambiwa azoe kila kitu akitupe. Katikati ya vumbi aligeuza bonge moja, akakuta linamtazama: uso kuanzia kipaji mpaka kidevu, una ufa shavuni lakini umekamilika. Akautia kwenye gunia. Akautoa. Akautia tena, na mikono ikakataa. "Kwetu nimeona batu banatupwa," alituambia. "Miye siwezi kutupa mutu mu pubele." Pubele kwao ni pipa la taka. Akaufunga kwenye kitenge, akautia kwenye kikapu chake cha magurudumu, akapanda nao basi mpaka Neasden, akauweka juu ya kabati chumbani kwake. Mwenzake wa chumba alikataa kulala na sanamu inayomwangalia, ikabidi waugeuzie ukutani.

Alikuwa anataka kuurudisha. Siku ya kwanza tulipofika na vyombo vyetu alisikia Kiswahili akafurahi, akasema moyoni hawa nitawaambia. Kisha akasikia tunayoyasema. Mama yule alikuwa na ruhusa ya muda ya kukaa nchini, na ndiyo kwanza alikuwa ameomba ya kudumu. Binti yake mdogo alikuwa amemwacha Bujumbura kwa shangazi, akisubiri hiyo ruhusa ili amlete. Kosa moja la wizi likiandikwa polisi, ombi limekwisha na mtoto hamwoni. Na kila siku sisi wawili, watu wazima, tulikuwa juu ya kichwa chake tukimhukumu kifungo.

Mzee Harbans aliweka kikombe chini, akakutanisha viganja. "Mama, samehe mimi," akasema. "Mdomo yangu iko mbaya sana." Mama Furaha akasema amesamehe, na kwa kweli alicheka kidogo, akisema matusi ya muzee yamemkumbusha baba yake.

Basi tufanyeje? Mimi nilikuwa na jibu rahisi. Kesho alete uso, tuuchanganye na vifusi vyetu, tuseme tumeuokota mle. Nani ataumia? Mzee akatikisa kichwa. Nikakasirika, na nilimwambia neno kali, kwamba ukweli ni mwepesi kwa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza. Akanijibu.

"Hii uongo iko simenti, Rehema. Leo nakauka, nang'aa. Kesho mtu nauliza, gunia gani, mbona picha hapana onyesha. Maji naingia nyuma. Halafu naanguka juu ya kichwa yake, hapana yako."

Sikupenda, lakini nilijua anasema kweli. Kila kipande tulichokuwa tunarudisha tulitakiwa kueleza tumekipata wapi, na magunia yale tuliyapiga picha sisi wenyewe. Hata hivyo si yeye wala mimi tulioamua. Mama Furaha ndiye aliyesema, "Tuende tuseme. Nimechoka kuogopa."

Kesho yake akaja na kikapu chake, tukaingia watatu ofisini kwa msimamizi wa jumba. Alikuwa mama wa Kiingereza, mkavu, asiyetabasamu ovyo, ambaye hata Mzee Harbans alikuwa anafunga vifungo vya koti kabla ya kumbishia hodi. Mama Furaha akaweka kitenge mezani, akakifungua pindo moja moja.

Niwaambie ukweli, Afrika yetu ilikuwa na pua ya Kizungu. Nadhani yule fundi wa Kitaliano alimchukua msichana wa jikoni akamvika tembo, maana Afrika hakuifika. Lakini midomo ilikuwa imeachana kidogo, kama ya mtu anayetaka kujibu. Na upande wa nyuma, ambao hakuna aliyeuona tangu siku ulipopachikwa, kulikuwa na alama za vidole gumba vya yule fundi, mahali alipoukandamiza ungali laini. Niliweka kidole changu katika alama moja kikaenea.

Nilitafsiri. Nilitafsiri kazi ya usafi, gunia, basi, kabati, nilitafsiri na habari ya mtoto, ingawa hiyo Mama Furaha hakuisema pale, niliichomekea mwenyewe. Msimamizi alikuwa ameweka mkono juu ya simu. Sheria ya jumba ilijulikana na wote: ukitoa kitu nje, unaripotiwa. Akauliza swali moja tu, kwa nini hakumwambia mtu.

Mama Furaha akajibu, "Baliniambia nitupe. Kama ningeuliza, bangesema tupa."

Nikalitafsiri hilo kama lilivyo. Msimamizi aliutazama ule uso muda mrefu, sisi tumesimama, nasikia pumzi ya Mama Furaha ubavuni kwangu. Kisha akatoa mkono kwenye simu. Alisema polepole, nami nikageuza neno kwa neno, kwa sababu nilitaka mwenzangu ayapate yote:

"Mimi ndiye niliyeagiza vitupwe. Nilikuwa nafikiria harusi. Kitu nilichokitupa mwenyewe, hakuna anayeweza kuniibia."

Maneno hayo hayo akaenda kuyasema mbele ya bodi, na huko alikaripiwa vizuri. Angeweza kunyamaza. Katika watu ninaowashukuru humu duniani, mama yule mkavu yumo, tena mbele.

Sitaki mdhani kila mtu alikuwa muungwana. Kampuni ya usafi ilimhamisha Mama Furaha haraka, ikampeleka kufagia ofisi karibu na uwanja wa Wembley, bila kumweleza sababu. Lakini polisi hawakuitwa, na neno wizi halikuandikwa popote. Ruhusa yake ilikuja baadaye, ikachelewa kama kawaida yao, na mtoto akaja. Leo binti huyo ni mama mtu mzima, na tukikutana sokoni mimi namsalimia kwa Kiswahili, yeye ananiitikia kwa Kiingereza.

Yule mwalimu wa historia alikuja karakanani kwetu kuuona uso. Nilikuwa nimeshauondolea rangi ya karne nzima kwa maji ya uvuguvugu na brashi ya meno. Aliutazama kutoka kila upande. Akaniambia bado hapendi kumwona kule juu, na hatapenda, lakini ameshatupwa mara moja akaokolewa kwa basi, na yeye hawezi kuwa mtu wa pili kumtupa. Bodi ikakubali arudi, kwa sharti kwamba mlangoni yaandikwe maelezo ya wazi kuhusu sukari na watu walioilima. Mkienda mtayasoma. Yameandikwa vizuri.

Mzee Harbans alikuwa na desturi yake. Kipande cha mwisho cha dari hakukishika yeye, wala mimi. Alikuwa anatafuta mtu anayestahili shukrani katika kazi ile, amshikishe. Niliona akimpandisha jukwaani mpishi, niliona akimpandisha fundi bomba. Safari hii aligoma kuanza mpaka Mama Furaha ameitwa. Akaja siku yake ya mapumziko, amevaa kitenge cha kanisani, akapanda ngazi huku akiomba kwa sauti. Nilimshika kiuno. Jibu la serikali juu ya ruhusa yake lilikuwa bado halijaja.

Kushika kuko hivi: unalowesha mgongo wa kipande, unapaka plasta, unakisukuma mahali pake, kisha unakizuia kwa viganja viwili bila kutikisika. Plasta inapoanza kushika inapata joto, unalisikia kwenye mikono. Joto likishapoa, imeshika, unaweza kuachia. Mzee aliusukuma uso ukaingia, ufa kwa ufa, akampisha. Mama Furaha akaweka viganja kwenye mashavu yale, wakawa wanatazamana, plasta ikimdondokea kwenye nywele.

"Anapata moto, mama," akaninong'oneza, ameshtuka.

Nikamwambia asiogope, ni plasta inafanya kazi yake. Halafu akausemesha ule uso, kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Baki apa, mama. Bakuangalie."

Joto lilikuja, likapita. Mzee Harbans alinitazama nami nikamtazama, tukijua plasta imeshika zamani. Hakuna kati yetu aliyemwambia ashushe mikono.